Tahadhari Ikola: Shimo Kavu la Oktoba Linadanganya

Wenye gesti na loji za Ikola, na ninyi mlionunua viwanja vya ufukweni kwa matumaini ya bandari ya Karema hapo jirani: kabla hamjampa mtu yeyote kianzio cha kujenga bwawa la kuogelea la zege, someni haya kwanza.

Kiangazi ndicho msimu wa mafundi. Barabara ya kutoka Mpanda inapitika, malori ya saruji na kokoto yanafika bila kukwama, na Ziwa Tanganyika limerudi nyuma. Katika msimu huo atakuja mtu na simu iliyojaa picha za mabwawa ya buluu ya Mbezi Beach. Atachimba shimo la majaribio mbele yako, atashuka ndani na viatu vyake, na atapanda navyo vikiwa vikavu. "Bosi, umeona mwenyewe. Hapa pakavu kabisa, leo hii tunaanza." Kweli umeona mwenyewe, na pesa inatoka.

Hapo ndipo penye mtego, na mara nyingi hata huyo fundi haujui. Ziwa Tanganyika lina mwendo wake wa kila mwaka. Hushuka hadi chini kabisa karibu na Oktoba na Novemba, mvua zikianza hupanda taratibu, na hufika juu kabisa Aprili au Mei, mvua zinapokwisha. Tofauti kati ya chini na juu ni karibu sentimita 80 kwa mwaka wa kawaida. Maji yaliyo ndani ya mchanga wa ufukweni hayatengani na ziwa. Ziwa likipanda, nayo yanapanda chini ya miguu yako bila mtu kuyaona. Kwa hiyo shimo lililochimbwa Oktoba linakueleza habari za Oktoba tu. Habari za Mei utazipata baada ya zege kukauka na fundi kuondoka.

Na huo ni mwaka wa kawaida. Ziwa hili lina miaka isiyo ya kawaida pia. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao Karema karibu na maji, wakati ziwa likiwa juu sana. Mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ulikuwa umeanza tu kuzibuka mwaka uliotangulia. Maji yalikimbia kuelekea Kongo, na katika miaka kama 15 ziwa lilishuka karibu mita 10. Kituo kikabaki nchi kavu, mbali na maji. Baadaye mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha tena hadi kilele cha 1964, na wazee wengi wa pwani hii wanaikumbuka miaka hiyo. Kuanzia 2020 limepanda kwa namna ile ile: Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura, watu walihama nyumba zao, na miji mingine ya mwambao ilipoteza fukwe, gati na vibanda vya samaki. Wavuvi wa Ikola hawahitaji kuambiwa. Anayehitaji kuambiwa ni mgeni mwenye picha za Mbezi Beach.

Sasa tuseme bwawa lenyewe. Watu wengi huhofia kwamba bwawa litavuja, na ni hofu ya haki. Lakini ukingoni mwa ziwa hatari iliyo mbele ya kuvuja ni bwawa kuelea. Sanduku la zege lililo tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji ni mtumbwi: likizidiwa na msukumo wa maji, linainuka. Hesabu yake si ngumu, na ukiifanya mara moja hutadanganywa tena.

Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha mita 1.5, kuta na sakafu unene wa sentimita 20. Likijaa linabeba lita 75,000, yaani tani 75 za maji. Zege lake lote ni karibu mita 20 za ujazo, na uzito wake ni kama tani 49. Eneo la sakafu yake, ukipima kwa nje, ni mita 56 za mraba. Gawanya. Maji ya ardhini yakifika karibu sentimita 90 tu juu ya uvungu wa sakafu, na bwawa likiwa tupu, msukumo unalingana na uzito wote wa zege. Yakizidi hapo, kinacholishikilia ni msuguano wa udongo wa pembeni, na mchanga uliolowa haushiki sana. Linganisha sentimita 90 hizo na zile 80 ambazo ziwa hupanda kila mwaka bila kutangaza. Yaani fundi aliyeweka sakafu juu kidogo tu ya maji ya Oktoba amekuachia bwawa linalosubiri Aprili moja yenye mvua nyingi na mtumishi mmoja aliyeamua kulimwaga ili alisugue.

Bwawa likiinuka huwa halirudi pale lilipokuwa. Sakafu hupasuka katikati, mabomba yaliyozikwa hukatika kwenye maungio, vigae hubanduka, na ukuta wa jirani unaweza kwenda pamoja nalo. Hakuna kiraka cha kulitibu. Linavunjwa.

Basi mkandarasi wa kujenga Ikola umpime kwa maswali anayokuuliza kabla ya kutaja bei. Anayejua kazi atauliza: maji ya Mei yalifika wapi? Visima vya majirani vina kina gani masika na kiangazi? Mwaka 2021 na 2024 ufukwe huu ulikuwaje? Atataka kuongea na mvuvi mzee kuliko kuongea na wewe. Atapendekeza kuzika bomba la plastiki lenye matundu pembeni mwa eneo, ili usawa wa maji ya ardhini usomwe kwa kamba na jiwe msimu mzima kabla ya kuchimba, na bomba hilo hilo libaki pale maisha yote ya bwawa, lichunguliwe kila mara kabla ya kulimwaga. Atakueleza habari ya tabaka la kokoto chini ya sakafu, shimo dogo la kukusanyia maji lenye nafasi ya pampu, vali ya sakafuni inayofunguka yenyewe maji ya chini yakisukuma, na sakafu nene iliyotokeza nje ya kuta ili udongo uikalie. Asiyeuliza hata moja kati ya hayo, akakimbilia rangi ya vigae, mpe maji ya kunywa uagane naye kwa heri.

Kwa maoni yangu, kwa kiwanja kilicho karibu na ziwa, bwawa lenye nusu yake juu ya ardhi lina akili kuliko lililozama lote. Wageni wa gesti hawapigi mbizi. Kina cha mita 1.3 kinawatosha watu wazima kuogelea na kupumzika, kuta zilizotokeza zinaweza kuzungushiwa ngazi na benchi zikapendeza, na unakuwa umeondoka kwenye ugomvi na maji ya chini kwa kiasi kikubwa. Fundi wa picha hatakushauri hivyo, maana picha zake zote ni za mabwawa yaliyozama.

Kuna atakayeuliza bwawa la nini, na ziwa lipo mlangoni. Swali zuri, lakini mwenye loji ana jibu: mamba na viboko wapo, kichocho kipo kwenye maji ya ukingoni, na mgeni aliyekuja kuona Hifadhi ya Katavi au anayesubiri meli ya kwenda Kalemie anataka mahali pa kuogelea bila kutazama nyuma. Biashara hiyo ni halali. Ndiyo maana inavuta vishoka.

Tuje kwenye karatasi, ambako wengi hupigwa mchana kweupe. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na inamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi ya mkandarasi. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, la saba likiwa la chini na la kwanza la juu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi linayoweza kubeba. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye tovuti ya bodi. Kijana wa stendi mwenye bando anaweza kukutafutia. Lakini usiishie kuona cheti. Ujanja ulioenea ni wa cheti cha kuazima: kampuni ya mtu mwingine, aliyeko mji mwingine, inakodisha jina lake kwa fundi maiko. Kwa hiyo angalia mambo matatu yafanane herufi kwa herufi: jina kwenye orodha ya bodi, jina kwenye mkataba, na jina la akaunti ya benki pesa inakoingia. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya "msaidizi wa mkurugenzi", umeshapata jibu lako. Piga simu ofisi ya kampuni yenyewe kwa namba uliyoipata kwenye orodha, usitumie ile uliyopewa naye, uulize kama wanamjua na kama wana kazi Ikola.

Mchoro nao uwe na mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Siwadharau mafundi wetu. Wapo mafundi wa Ikola na Karema waliojenga nyumba ambazo hazijatoa ufa kwa miaka 30. Ila ukuta wa nyumba hubeba uzito unaoshuka, na ukuta wa bwawa husukumwa kutoka ndani likijaa na kutoka nje likiwa tupu, kwa hiyo nondo zake zinahitajika pande zote mbili. Fundi huyo huyo chini ya mchoro wa mhandisi atafanya kazi nzuri. Akiachwa na mazoea ya nyumba ataweka mkeka mmoja wa nondo katikati ya ukuta, na bwawa litajieleza. Tena tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitoka ndani ya ziwa hili na kuangusha nyumba Kalemie. Tangi la zege la tani 120 likijaa maji si kitu cha kukisia.

Asiyeona umuhimu wa mihuri akumbuke Dar es Salaam. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo likafuata, na zaidi ya watu 25 wakafa. Huko kuna bodi zote, wakaguzi wote na magazeti yote. Ikola ukaguzi ni wewe.

Na kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Fundi atakupimia kutoka kwenye maji ya Oktoba. Ufukwe ukiwa umeinama mita 2 kwa kila mita 100, maji yakipanda sentimita 80 yanasogea mita 40 kuelekea kwako. Mita 60 za Oktoba ni 20 za Mei. Mwite mtu wa mazingira wa halmashauri kutoka Majalila, aje aweke alama yeye, kwa maandishi, kabla ya jembe la kwanza. Bwawa lililojengwa ndani ya mpaka huo linaweza kuamriwa livunjwe, na mkandarasi hatakuwepo siku hiyo. Halafu kama unataka kulijaza kwa pampu kutoka ziwani kwa ajili ya biashara, kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi ipo Kigoma.

Pesa. Anayetaka nusu mbele hataki kazi, anataka nusu. Kianzio cha asilimia 10 hadi 20 kinamtosha mkandarasi wa kweli kuleta vijana na vifaa. Malipo yanayofuata yafungwe kwenye hatua unazoweza kuzigusa: shimo limekaguliwa na mhandisi, nondo zimefungwa na kupigwa picha kabla ya kufunikwa, zege limemwagwa, maji yamejazwa na hayakupungua. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako, na hapa nasisitiza tarehe: isilipwe kwa miezi sita ya mazoea, maana miezi sita kutoka Septemba inaishia Machi, kabla ziwa halijafika juu. Andika kwenye mkataba kwamba kipindi cha uangalizi kitaisha Juni 30 baada ya msimu mmoja kamili wa mvua. Mkandarasi anayejiamini atanung'unika kisha atasaini.

Saruji hesabu mwenyewe. Zege zuri la bwawa hula kama kilo 350 za saruji kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7. Mita 20 ni mifuko 140, kabla ya lipu na sakafu ya pembeni. Ukiona orodha ya fundi ina mifuko 80, amekukusudia ubaya au hajui kuzidisha. Yote mawili yanatosha kumkataa. Mfuko uwe wenye alama ya TBS na nguvu ya 42.5, maana ule wa 32.5 ni wa kujengea tofali na kupiga lipu. Mchanga wa ufukweni usikubali hata ukiletwa bure: ni mwembamba, umejaa makombe ya konokono wa ziwa, na kuuchota hapo ukingoni kunakula ufukwe wako mwenyewe. Chukua mchanga mkali wa mtoni, uoshwe.

Sakafu na kuta zisimwagwe siku tofauti bila mkanda wa kuzuia maji kwenye maungio. Vaibreta iwe saitini na iwe inawaka, pamoja na ya akiba au jenereta. Zege la ukuta likishindiliwa kwa mti tu hubaki na matundu kama ya sega la asali. Baada ya hapo ni kumwagilia, asubuhi na jioni, na kulifunika kwa magunia mabichi siku zisizopungua 7. Jua la Ikola la Septemba linakausha zege usoni kabla halijashika moyoni, na nyufa ndogo za siku ya pili ndizo njia za maji za mwaka wa pili. Nguvu yake inapimwa siku ya 28. Anayekuahidi kukukabidhi bwawa lenye maji na vigae ndani ya wiki mbili amekuambia ukweli mmoja tu, kwamba anawahi basi.

Kabla ya vigae au lipu ya mwisho, lijazwe na liachwe wiki nzima. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani yalingane na ya nje, uweke alama. Jua likila sawasawa kote, ni salama. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja, na hakuna malipo mpaka pajulikane wapi.

Pia kuna vitu viwili vidogo vinavyoua. Tundu la kunyonya maji chini ya bwawa lisiwe moja. Yawe mawili yaliyoachana, yenye vifuniko vilivyofungwa kwa skrubu, kwa sababu pampu ikinyonya tundu moja inaweza kumshika mtoto kwa nywele au kwa mwili asitoke. Na taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, waya wa pampu upite kwenye swichi inayokata umeme ukivuja. Fundi akikuambia hayo ni mambo ya Ulaya, mwonyeshe mlango.

Sasa nawageukia wale ambao tayari wametoa pesa, na shimo limekwisha chimbwa, na fundi hapokei simu. Msihangaike naye kwanza. Mvua za Novemba zitalijaza shimo hilo, kuta za mchanga zitaanguka kwa ndani, na ukingo wake hautampa mtoto pa kushika. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaozama kwa kiwango kikubwa kuliko umri mwingine wowote, na wengi huzama karibu na nyumbani kwao. Zungushia uzio leo hii, wa miti au mabati, usiopungua mita 1.2, ambao mtoto hawezi kuupanda. Waambie majirani na mwalimu wa shule iliyo karibu. Kama kazi haitaendelea kabla ya mvua, fukia. Baada ya hapo ndipo upeleke mkataba wako polisi na CRB, ukiwa na jina kamili, namba ya usajili aliyokuonyesha na risiti za malipo.